Windsafu pwani yetu: uchague wapi kama uanafunzi umeshavuka ila ufundi bado

Hii ni kwa yule anayesimama kwenye bodi ya windsafu, ule ubao wenye tanga unaosukumwa na upepo, bila shida, anavuta tanga kutoka majini, anageuza na kurudi alipotokea mara nyingi kuliko anavyokosa, ameanza kuvaa mkanda wa kiuno wenye ndoano na kujining'iniza kwenye bumu (ule upau wa kushikia tanga), vikanda vya miguu ndo kwanza anavizoea, na kule kuinuka majini kwa nguvu ya tanga leo kunakubali kesho kunagoma. Sisi wa hatua hii ndo tunasumbuka zaidi tukisafiri, maana anayeanza anapelekwa na mwalimu na fundi anaingia popote, ila wa katikati anachagua mwenyewe na mara nyingi anachagua kwa picha. Picha haikwambii upepo unatokea wapi, maji yanapwa saa ngapi wala chini kuna nini.

Mimi naamini hivi, na nalishikilia: mahali pazuri kwa mtu wa katikati ni pale ambapo nguvu zikikuishia upepo na maji vyenyewe vinakurudisha ufukweni. Nguvu ya upepo inafuata baadaye. Nitaongea zaidi kuhusu pwani ya kuanzia Lamu mpaka Unguja kwa sababu huko ndo wengi wetu tunafika, iwe unatoka Dar, Nairobi au umekuja likizo kutoka Ulaya.

Kwanza jua unaenda kufanya nini

Kabla hujakata tiketi amua kitu kimoja unachotaka kurudi nacho. Kama ni mkanda na vikanda vya miguu unahitaji maji tulivu na upepo usiokatika, noti (kipimo cha kasi ya upepo) 14 mpaka 18 hivi, na nafasi ndefu ya kwenda moja kwa moja bila kukwepa watu. Kama ni kuinuka kutoka majini, tafuta maji ya kifuani yenye mchanga chini, maana hapo ukichoka unasimama, unapumua, unaweka tanga sawa unajaribu tena, wakati kwenye kilindi kila jaribio linakula nguvu na nusu saa tu mikono imekwisha. Kama ni kugeuza na upepo nyuma, hapo hata noti 10 zinatosha na bodi kubwa, wala usisubiri upepo mkali.

Ukishajua hilo nusu ya sehemu zinajitoa zenyewe.

Msimu

Kaskazi inashika Desemba mpaka Machi, inatoka kaskazini mashariki, joto lipo, maji safi, asubuhi inaweza kulegea halafu saa saba saa nane nchi kavu ikishapata moto inakaza, siku nzuri unapata noti 12 mpaka 18. Kusi, upepo wa kusini, inatulia vizuri Juni mpaka Septemba, hii ni nzito zaidi, 15 mpaka 20 ni kawaida na kuna siku inapita hapo, na mwanzoni mwa msimu inakuja na mawingu ya mvua yanayopita, ukiona wingu jeusi limeinama baharini linakuja upande wako jua mbele yake kuna mpigo wa upepo, toka kwanza, likipita utarudi. Katikati ya misimu, Aprili na Mei wakati wa masika na tena Novemba, ni tanga mbili, upepo hauna msimamo, leo huku kesho kule, keshokutwa hakuna kabisa. Usimpangie mtu safari ya bodi wakati huo.

Mtu wa katikati anayekuja mara ya kwanza namwambia Januari au Februari. Kusi inafundisha haraka lakini inaadhibu haraka pia, na wengi wanaishia kukaa ufukweni siku za upepo mkubwa wakitazama wengine.

Kwa utabiri angalia Windguru, Windy au Windfinder, yoyote unayoielewa, ila usisome ile namba ya wastani peke yake. Soma na ya mipigo. Ikiwa wastani ni 14 na mipigo ni 17 hiyo ni siku yako, ikiwa wastani ni 14 na mipigo ni 24 utakuwa unavutwa na kuachiwa siku nzima. Macho nayo yanapima: vichwa vya mawimbi vikianza kuvunja povu jeupe hapa na pale upepo umeshafika noti 12 hivi, na bahari ikiwa nyeupe kila unapotazama umepita 18, jiulize mara mbili.

Shavu, uso, kisogo

Hili ndo la kwanza ukifika, na unaweza kulifanya hata kwa ramani ukiwa nyumbani. Simama mgongo kwenye minazi, uso baharini. Upepo ukikupiga shavu, la kulia au la kushoto, na kidogo unakugusa uso, hapo panafaa, utaenda na kurudi kwa mstari uleule na ukianguka utasukumwa taratibu kuelekea mchangani. Ukikupiga uso kabisa utarudi kila mara ila kutoka ni shughuli, mawimbi yanakupiga na unatumia nguvu zote kupita mita 50 za mwanzo. Ukikupiga kisogoni usiingie. Najua maji yanakuwa yamelala yanapendeza, hata upepo pale ukingoni unaonekana mdogo kwa sababu miti na nyumba vinauzuia, lakini mita 300 mbele unafunguka wote na unakusukuma nje, na mtu ambaye kuinuka majini kunagoma ndo anayepotelea huko.

Sasa tumia hiyo kwa Unguja. Pwani ya mashariki, Matemwe, Kiwengwa, Paje, Jambiani, inatazama bahari kuu, kwa hiyo kusi inakupiga shavu la kulia na kaskazi la kushoto, misimu yote miwili panafaa. Upande wa magharibi, Mji Mkongwe mpaka Kendwa, pepo zote mbili zinapita nchi kavu kwanza zinakuja kisogoni. Nungwi iko ncha ya juu kabisa, wakati wa kusi inakusukuma moja kwa moja nje kuelekea mkondo wa Pemba. Watu wanalala Nungwi kwa sababu ya machweo na maji yasiyokauka, sawa kabisa, lakini bodi ipelekwe mashariki.

Dar ni hivyohivyo, ghuba ya Msasani inatazama kaskazini, kaskazi inaingia ndani inakurudisha, kusi inatoka nchi kavu, maji laini lakini upepo wa vipande vipande.

Maji kujaa na kupwa, hapa ndo wageni wanapotea

Mtu akizoea ziwa, au bahari ya Mediterania ambako maji hayapandi sana, akifika kwetu anashangaa bahari imeondoka. Siku za bamvua kubwa, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, tofauti ya maji kujaa na kupwa inakaribia mita 4, na pwani ya mashariki ya Unguja kwa kuwa ni tambarare bahari inarudi nyuma mpaka unabeba bodi na mlingoti kwa miguu mwendo mrefu kabla hujapata maji ya magoti. Kwa hiyo kuchagua mahali bila kuchagua saa ni kazi bure.

Ndani ya mwamba wa matumbawe unaokinga ufukwe mambo yanakwenda hivi. Maji yakiwa yamekupwa mwamba unazuia mawimbi yote, ndani kumetulia kabisa, ila kina hakitoshi, pezi la chini ya bodi, la sentimita 45, linakwaruza chini, bodi inasimama ghafla wewe unaendelea mbele na tanga lako, na hapo ndo watu wanavunja pua ya bodi au mbavu zao. Maji yakijaa kabisa mawimbi yanapita juu ya mwamba, ndani kunachafuka, bodi inaruka ruka na vikanda vya miguu hutavipata. Saa nzuri kwa mtu wa katikati ni maji yakiwa nusu na yanajaa. Kina kipo, mwamba bado unafanya kazi yake, na maji yenyewe yanaingia ndani kwa hiyo ukishindwa yanakuleta nyumbani.

Unaijuaje saa hiyo ukiwa mbali? Mwezi. Pwani yetu hii, Mombasa mpaka Zanzibar, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu maji yanapwa kama saa nne, saa tano asubuhi na yanajaa kama saa kumi, saa kumi na moja jioni. Kila siku yanachelewa kidogo, wastani dakika 50 hivi, kwa hiyo ikifika wiki moja baadaye mambo yamegeuka, yanajaa saa nne asubuhi yanapwa saa kumi jioni, ila hapo ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Sasa unganisha na upepo ambao unakaza mchana. Kuanzia siku ya mwezi mpevu mpaka siku tatu nne mbele, maji ya nusu yanayojaa yanaangukia kati ya saa saba na saa kumi mchana, upepo nao ndo umepamba moto. Vilevile mwezi mwandamo. Ukiwa na wiki moja tu ya likizo ianzishe siku hizo. Tarehe za Kiislamu zinakusaidia, 14 mpaka 18 na kuanzia mwandamo mpaka tarehe 4, halafu hakikisha na jedwali la maji la eneo husika.

Ukikosa ukaangukia maji mafu usikate tamaa, sehemu zenye kina kama hori ya Kilifi (mkono wa bahari ulioingia nchi kavu) zinafaa sana siku hizo, na mkondo unakuwa dhaifu.

Kuna jambo moja la hatari kweli. Mwamba una milango, zile nafasi ambazo ngalawa na mashua zinapita kwenda nje. Maji yanapopwa, yote yaliyojaa ndani yanatafuta pa kutokea, yanatoka kwa mlango, kwa nguvu. Ukianguka karibu na mlango wakati maji yanapwa unatolewa nje ukiwa umeshika bodi. Kwa hiyo siku ya kwanza kabla hujafunga tanga uliza mlango uko wapi, utafute na macho, ni pale ambapo mstari mweupe wa mawimbi unakatika na maji yana rangi nzito, halafu uchague upande wa kuchezea ambao upepo na maji havikupeleki huko.

Sehemu kwa sehemu, kifupi

Diani: mwamba uko umbali mzuri, ndani pana nafasi ndefu, mchanga laini, misimu yote miwili inakuja kwa shavu. Mtu anayekuja Kenya mara ya kwanza ningemwanzishia hapo, ila kumbuka kusi inaleta majani mengi ya bahari yanayojikunja kwenye pezi.

Nyali na Bamburi: karibu na mji, huduma zipo, ila ufukweni watu ni wengi, boti nyingi, wikiendi na sikukuu waogeleaji wamejaa. Nenda katikati ya wiki.

Watamu: pazuri kwa macho, ila ni hifadhi ya bahari toka 1968, kuna vichwa vya matumbawe vimechomoza katikati ya maji, ingia na mwenyeji siku ya kwanza akuonyeshe njia.

Kilifi: hori yenye kina, maji yamelala, pezi haliguswi na kitu. Upepo unakatwa na miti na kingo za juu kwa hiyo unakuja kwa vipande, na mkondo wa maji una nguvu siku za bamvua. Nzuri kwa kujifunza kugeuza, si nzuri kwa kujifunza mwendo wa kasi.

Lamu: mkondo kati ya Shela na Manda ni wa kupendeza, ila ni barabara ya mashua na boti za abiria, na maji yanakimbia. Ufukwe mrefu wa Shela unaotazama bahari kuu hauna mwamba wa kukukinga. Mi ningemwambia mtu wa katikati aende Lamu kwa Lamu yenyewe, na bodi iwe ziada.

Paje: upepo safi, eneo kubwa, ila kaiti (tiara kubwa zinazovuta watu wa bodi) zimejaa, kila moja ina kamba za mita 20 na zaidi na wengi walioshika ni wanafunzi. Nenda asubuhi au sogea chini kuelekea Jambiani ambako pamepungua watu. Uliza vifaa mapema maana vituo vingi huko vina kaiti tu.

Na Paje, Bwejuu, Jambiani kote kuna mashamba ya mwani. Maji yakipwa unayaona vizuri, vigingi vimesimama mistari mistari na kamba zimefungwa mwani, kina mama wameinama wanavuna, maji yakijaa hakuna unachoona juu. Kilimo hicho kipo Zanzibar toka 1989 na familia nyingi zinakitegemea. Pezi lako likipita kwenye kamba umekata kipato cha mtu, na kigingi kinaweza kukutoboa mguu ukianguka. Ndo maana nasisitiza, siku ya kwanza tembea maji yakiwa yamekupwa. Vaa viatu vya majini kwa sababu ya wale wadudu weusi wenye miiba mirefu, chukua nusu saa, piga picha kuelekea baharini ukiwa umesimama mbele ya nyumba au mnazi unaoutambua, jua mashamba yanaanzia wapi na njia ya mchanga iko wapi. Ukikutana na kina mama salimia, ulize, "Shikamoo mama, hapa naweza kupita na bodi maji yakijaa?" Watakuonyesha kwa kidole njia wanayopita wenye ngalawa, na hiyo ndo njia yako siku zote zilizobaki.

Vifaa: uliza kabla ya kulipa

Kubeba vyako ni gharama, mlingoti wa sentimita 430 hata ukiutenganisha vipande viwili bado ni zaidi ya mita 2, na ndege ndogo za kwenda visiwani hazikubali. Kukodisha ni bora, ila uliza kwa namba, usiulize "mna vifaa?" maana jibu ni ndiyo. Andika hivi: "Habari za kazi kaka, naja tarehe fulani, nina kilo 75, naomba kujua mna bodi ya lita 115 mpaka 125, matanga ya mita ngapi na ngapi, na pezi fupi mnalo? Boti ya kufuata watu ipo na inafanya kazi?" Akijibu kwa namba huyo anajua kazi. Akijibu "karibu sana utafurahi" uliza tena.

Hesabu ya lita ni rahisi, kilo zako ongeza 40 mpaka 50, ili ukigomewa majini uweze kupanda na kuvuta tanga kwa kamba bila bodi kuzama. Usikubali bodi ndogo eti upepo utakuwa mkali. Tanga kwa mtu wa kilo 75, noti 12 chukua mita za mraba 7.5, noti 15 chukua 6.5, noti 20 shuka 5.2 hivi. Ukiwa na wasiwasi kati ya mbili chukua dogo. Pezi fupi lililolala kwenda nyuma ni zawadi pwani hii, halikwaruzi haraka na majani yanateleza yenyewe, bodi itakuwa inashindwa kidogo kupanda joshi (kwenda upande unakotoka upepo) lakini utatulia moyo.

Hiyo boti ya kufuata watu mi naipa uzito kuliko ubora wa bodi. Iwepo, iwe na injini inayowaka, na awepo mtu ufukweni anayetazama baharini.

Nje kidogo ya pwani yetu

Walioko Muscat, kusi yetu hii ikivuka ikweta inapinda inakuwa ya kusini magharibi na inaongezeka nguvu, ndo inayopiga pwani ya mashariki ya Oman na kisiwa cha Masirah Juni mpaka Septemba. Kule noti 25 si habari. Yapo maji yaliyokingwa lakini mtu wa katikati aende mwanzo au mwisho wa msimu na asiende peke yake.

Ziwa Victoria, iwe Mwanza, Entebbe au Kisumu, asubuhi upepo unatoka nchi kavu, mchana unageuka unatoka ziwani, huo wa mchana ndo wako. Dhoruba zake zinainuka haraka kuliko za baharini, ukisikia radi hata mbali toka. Kichocho kipo, waulize wenyeji kuhusu mamba na viboko, na ghuba ya Winam gugu maji linahama na upepo, asubuhi ufukwe mweupe jioni umefungwa.

Siku yenyewe

Fika saa moja kabla. Kaa, tazama ngalawa. Kama wavuvi wazoefu wamevuta vyombo juu na wewe ndo unafunga tanga, kamuulize mmoja wao kwanza. "Shikamoo mzee, upepo wa leo utakaaje?" Ni watu wanaosoma bahari ile kila siku, na jibu lao linahusu ufukwe ule ule uliosimama, kitu ambacho simu haiwezi.

Ukiingia, safari ya kwanza iwe fupi, dakika tano, panda joshi uangalie kama unaweza kurudi juu zaidi ya ulipoanzia. Ukiweza, endelea, na ucheze muda wote upande wa juu wa upepo kuhusiana na pale ulipoacha vitu vyako, ili uchovu ukija unateremka tu kuelekea nyumbani. Ukijikuta umerudi chini ya ulipoanzia mara mbili mfululizo, hiyo siku tanga si lako au mkondo umekuzidi, badilisha moja kati ya hayo kabla ya kurudi majini. Upepo ukikata ghafla lala kwenye bodi, tanga liweke nyuma juu ya mkia, piga makasia na mikono, na usiache bodi hata ufukwe ukionekana karibu. Ukihitaji msaada inua mikono yote miwili juu uishushe pembeni, rudia rudia.

Na uwe umetoka majini saa kumi na moja na nusu. Huku kwetu jua likizama giza linaingia haraka mwaka mzima, kaskazi nayo mara nyingi inalegea muda huohuo, na boti ya kufuata watu haiwezi kumtafuta mtu asiyeonekana.